Mwiko Uliogeuka Mamba

Nilipostaafu ualimu mkuu, kila mtu alinishauri nifuge kuku. Mimi na kuku hatupatani. Nilinunua patasi mbili, tezo, tupa na karatasi za msasa, nikaketi chini ya mpera nyuma ya nyumba, nikaanza kuchonga. Sikumwomba mtu anifundishe. Nimefundisha maisha yangu yote. Ningeanzaje uzeeni kuelekezwa na kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha Sigalagala juzi na cheti chake?

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa swala. Mke wangu alimgeuzageuza mkononi, akasema, "Mbwa mzuri." Ya pili ilikuwa ndovu. Huyo alitambulika, lakini wiki mbili baadaye alipasuka kutoka kifuani hadi mkiani, tena usiku, kwa kishindo kilichotuamsha sote wawili. Mke wangu alisema labda ni njaa.

Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la mbao. Mpera mbichi unapasuka, mkaratusi unapinda, na msitu wa Buyangu, ingawa tunaishi karibu nao, una walinzi ambao hawana mzaha hata na tawi lililoanguka lenyewe. Kitu kimoja tu kikavu nilikuwa nacho, nguzo ya mvule iliyotoka kwenye nyumba ya marehemu baba. Hiyo nilikuwa nimeiweka kwa kazi kubwa. Nilitaka kujichonga mwenyewe, nimesimama, fimbo mkononi, nikae pale langoni watu wakipita wanione. Nilikuwa nimeshaanza kichwa. Pua ilitoka vizuri sana.

Lakini mtu hawezi kufanya mazoezi kwenye uso wake mwenyewe. Nilihitaji kipande kingine kikavu cha kujifunzia. Siku moja mke wangu alipokwenda mazoezi ya kwaya, niliingia katika jiko la nje kutafuta. Huko nilikuwa mgeni kabisa. Nililelewa nikijua kwamba mwanamume haingii jikoni, sembuse ugali unapokorogwa, na kusema kweli sheria hiyo haikuwahi kunisumbua. Juu ya kuni, ukining'inia kwa kamba, niliona mwiko mkubwa, mrefu kupita mkono wangu, mweusi kwa moshi. Niliugonga ukalia kama mlango wa kanisa. Kando ya sufuria kulikuwa na mwiko mwingine mdogo. Nikajiambia, mtu mmoja ana haja gani na miiko miwili?

Alitoka mamba. Sijisifu, lakini alikuwa mamba hasa: bapa la mwiko likawa kichwa na taya, mpini ukawa mgongo na mkia, nikautoa weusi wote kwa msasa, nikampaka mafuta. Mke wangu alimtazama muda mrefu. "Huyu sasa," akasema, "hata mimi naona ni mamba." Akamweka juu ya kabati la televisheni, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, na kila Jumamosi akawa anampangusa vumbi. Nilitembea kwa maringo mwezi mzima.

Kisha akafa ajuza mmoja jirani yetu, Mungu amrehemu. Jumatano asubuhi mwenyekiti wa akina mama wa kanisa akaja na wenzake wawili.

"Mulembe, mama," alimwambia mke wangu. "Tumekuja kuchukua ile mwiko. Kuzika ni Jumamosi na watu watakuwa wengi sana."

Mke wangu akawakaribisha sebuleni, akawamiminia chai, akaenda jiko la nje. Akakawia. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, umeona mwiko yangu?"

"Mwiko gani?" nikauliza, na papo hapo nikajua mwiko gani.

"Ile kubwa. Ile mama yako alinipa."

Lazima nieleze hapa. Nilijua kwamba mama alimpa mke wangu mwiko alipoolewa. Sikujua ni ule. Na sikujua kwamba kwenye mlima wetu huu, mwenye mwiko ule ndiye mkuu wa meko matangani. Yeye ndiye anayekoroga obusuma, ugali wetu wa mazishi, yeye ndiye anayeamua moto uongezwe lini, nani apakuliwe kwanza, na nani afukuzwe kwenye moshi kwa uvivu. Kabla yake alikuwa mama yangu. Mke wangu, ambaye nyumbani huniacha niseme mpaka nichoke, huko anaamuru wanawake arobaini. Bila mwiko, kazi ingekwenda kwa mama mwingine wa upande wa pili wa kijito, ambaye obusuma yake ina madonge ya kumvunja mtu jino. Mama huyo alikuwa akiingojea nafasi hiyo kwa miaka.

Yote hayo nilielezwa na wale wageni pale pale, wakidhani wananisaidia kukumbuka. Nilinyamaza. Nilinyamaza hata waliposema huenda mwiko umeibwa, na hata walipotaja mtu wa upande wa pili wa kijito. Mimi ni mzee wa kanisa na nilinyamaza.

Mwenyekiti ndiye aliyeinuka kumwangalia mamba. "Baba unachonganga vizuri siku hizi," akasema. Akamgeuza. "Lakini hii mamba mbona iko na shimo kwa mkia?"

Lilikuwa tundu la kamba. Nilikuwa nimelisahau. Mke wangu alimchukua yule mamba mikononi mwake, akachungulia lile tundu, halafu akamnusa tumboni. Moshi wa miaka hautoki kwa msasa. Nilitamani ardhi ipasuke kama ndovu wangu.

Akamrudisha kwenye kitambaa, taratibu. "Nimekumbuka," akawaambia wageni. "Mwiko iko kwa fundi. Nilipeleka isuguliwe. Jumamosi asubuhi nitakuja nayo."

Walipoondoka hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Alikusanya vikombe, akasema, "Ijumaa jioni," akaenda zake.

Siku mbili na nusu, na mbao kavu nyumbani ilikuwa moja tu. Nilisimama mbele ya ile nguzo ya mvule, tukatazamana. Pua ndiyo iliyotangulia. Kichwa changu nikakifanya bapa, kifua na miguu vikawa mpini. Nilifanya kazi tangu alfajiri, nikajikata kidole gumba, nikakataa kufungwa kitambaa, nikakubali. Wapita njia waliuliza ile sanamu imefikia wapi. Niliwajibu vibaya.

Na nikafanya kitu ambacho nilikionea fahari. Nilikumbuka, kwa kuwa niliukata mwenyewe, kwamba ule mwiko wa zamani ulikuwa na mgongo ulioumuka na uso uliobonyea, na ncha yake ililika upande wa kushoto kwa kusuguana na sufuria. Nikaiga yote. Nikauchonga mteremko ule ule, ili mke wangu asione tofauti.

Ijumaa jioni aliupokea. Akauingiza katika sufuria tupu, akazungusha mara mbili, tatu. Akasimama.

"Huu mteremko ni wa nini?"

"Ni wa ule wa zamani. Nimeukumbuka vizuri."

"Ule ulikuwa wa mkono ya mama yako," akasema. "Mimi nakoroganga na kushoto."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alipoolewa, mama alimkataza kutia mkono wa kushoto katika chakula cha watu, naye akatii mpaka tulipomzika mama. Tangu siku hiyo amekoroga kwa kushoto, kwa mwiko uliolika kwa mkono wa kulia wa mama, akikipinda kifundo cha mkono kila zamu. Ile dawa ya kuchua ninayomnunulia mjini kila baada ya matanga, nikimwambia ni uzee, kumbe haikuwa uzee. Wanawake wote wa mlima huu walijua. Nimekula ugali wake zaidi ya miaka arobaini, na mimi peke yangu sikujua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ulikuwa hujaanza kuchonga."

Sikulala mapema. Niliukata mteremko wa mama, nikauchonga mwingine upande wa pili, naye akiwa ameketi kando, akiujaribu hewani na kuniambia bado, bado, hapo.

Jumamosi, kwenye mazishi, wanaume walipokuwa wamekaa kwenye hema wakingoja hotuba, niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye meko. Akina mama walipiga kelele. Mmoja akaniuliza kama nimepotea njia ya choo. Mke wangu alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa, miguu ameitanua, mkono wa kushoto juu ya mpini na wa kulia chini yake, akiigeuza obusuma ya watu mia kama anayegeuza mtoto kitandani. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilijisikia mjinga, na nilimpenda sana.

"Mwacheni," akawaambia bila kuinua macho. "Amekuja kuangalia mwiko yake."

Nikatikisa kichwa kukubali, nikabaki nimesimama katika moshi mpaka machozi yakanitoka, wala sikuutazama mwiko hata mara moja.