Nilitumwa kuchagua resto ya Kikantoni Kampala, na ndoa ya mudogo yangu ilikuwa juu ya ile meza

Bakubwa, jambo kwenu bote, ba Butembo, ba Beni huku Kongo, na benye muko mbali na nyumbani.

Hii yenye naandika ilinifikia mimi mwenyewe, hapana story ya kusikia. Majina tu njo nimebadilisha, juu Papa yangu iko na bajukuu benye banamusomeaka bitu bya internet.

Mudogo yangu wa kike, tumuite Kavira, anaishi Guangzhou, kule China. Alienda kusoma, sasa anasaidiaka bacommerçant ba Butembo: anabapeleka ku masoko, anabatafsiria, anaangalia mizigo mbele conteneur ifungwe.

Kule akapata kijana moja, Fai. Mukantoni wa palepale. Bakapendana.

Siku Kavira alituambia, Mama alicheka, kisha akalia. Papa ni diacre, shemasi wa kanisa, ku Kalunguta, mulimaji wa kahawa na maharagi, mutu ya maneno kidogo. Nyuma ya siku fulani akaniita.

"Paluku, bale batu bakuye hapa. Mutoto hapana anatolewaka ku telefone."

Mais munajua njia yetu namna iko, na batu ba bunduki. Wazazi ba Fai baliogopa, na mimi pia niliogopa kubaambia bakuye. Tukasikilizana tukutane Kampala, tukule pamoja mara moja tu, kesho yake beo barudie kwabo. Papa aliitika, lakini akaongeza neno lenye liliniondoa usingizi:

"Nitabaangalia bakikula. Nikiona hapana heshima, sitamutoa."

Kavira akaniandikia mimi kaka yake mukubwa: "Yaya, we njo utatangulia Kampala kutafuta resto. Mais hapana resto yoyote ya Kichina. Ya Kikantoni."

Nikamujibu: "Si zote ni za Bachinois?"

Alinitumia vocal, sauti ya kurekodi ku telefone, ndefu na ya hasira. Eti mutu akimukaribisha Papa, akamuwekea chikwange ya Kinshasa, ile mihogo ya kufunga mu majani, na kumuambia ni chakula ya kwenu Kongo, Papa atafurahi? Bakantoni, anasema, hapana batu ba pilipili. Beo banapika na muvuke, tangawizi, supu ya kukaa ku moto sana. Na tena baba ya Fai alipasuliwaka tumbo. Pilipili kidogo tu, hospitali.

Donc nilikuwa na mizigo mbili: heshima ya Papa yangu na tumbo ya Papa ya Fai.

Nikaenda kuuliza Maman Kahambu, jirani yangu wa boutique ku Butembo, anauzaka viatu na amefika Guangzhou mara mingi kuliko Goma. Nikasema huyu atanifundisha.

"Mimi kule nilikulaka sardine na biscuit," akanijibu. "Niliogopa kila kitu."

Utafiti wangu wa Butembo uliishia pale.

Nikapanda gari, nikavuka mpaka wa Uganda ku Kasindi. Wazazi bangu balipashwa kunifuata kesho yake.

Resto ya kwanza ku Kampala ilikuwa kubwa, taa nyekundu kila pahali, dragon ku mulango. Nikauliza ule kijana wa kupokea batu: "Hapa ni ya Kikantoni?"

"Ndiyo."

"Hamutie pilipili?"

"Ndiyo."

"Ao munatia?"

"Ndiyo."

Mulango wa jikoni ukafunguka, moshi ya pilipili ikatoka, nikaanza kukohoa mpaka machozi. Nikashukuru, nikatoka.

Niko ku barabara bado napanguza macho, simu ikalia. Mama.

"Tuko Beni. Njia ya Kasindi imefungwa. Banasema mbele kuko masasi, bunduki zinalia. Tuko kwa shangazi yako, lakini Papa anataka..."

Ikakatika.

Nikapiga. Hapana kitu. Nikapiga shangazi. Hapana kitu. Benye muko Beni munajua ile telefone yenye hailii.

Sasa nifanye nini? Nirudi? Nirudi wapi, na njia imefungwa? Nikaendelea kutembea, simu mu mukono, nikiingia mu resto za batu kuangalia menu. Nilisikia haya mingi. Wazazi bangu banasikiliza masasi, mimi nauliza habari ya supu.

Nikapata ingine, safi kabisa, ya Kikantoni ya kweli, mupishi ametoka kule. Mais pembeni kulikuwa bar, muziki mukubwa, bamama ba kucheza. Nikawaza Papa na Biblia yake mu mufuko wa koti. Hapana.

Jua lilianza kushuka njo nikaona kale karesto kadogo, kati ya maduka za kuuzisha misumari na mabati. Ndani kulikuwa familia ya Bachinois na bibi kizee wabo, banakula pole pole, hakuna mwenye kupiga kelele. Harufu ya tangawizi tu.

Mwenye resto alikuwa mama moja wa Kichina, Kiswahili anaongea kama mutu wa soko. Nikaanza maulizo yangu. Akanikatiza.

"Ngoja. Wewe kwanza niambie, nani anakuja? Wazee? Nani mgonjwa?"

Nikamuelezea yote. Tumbo, ndoa, Papa.

"Na nani anaogopa chakula yetu?"

"Papa yangu," nikasema. Kisha nikasema kweli: "Na mimi."

Hakucheka. Aliandaa meza palepale ku akili, nani akae wapi, kitu gani itangulie. Katika zote nilizoingia, ni yeye peke yake mwenye aliniuliza batu mbele ya kuniuliza chakula. Nikamuambia: ni hapa.

Ile usiku sikulala. Asubuhi Mama akapiga: njia imefunguliwa, bameisha kupita Kasindi. Nilikaa chini ku ngazi ya hôtel.

Balifika na vumbi mpaka ku kope. Papa aliomba maji ya kunawa na shati nyeupe.

Magaribi tukaingia mu kale karesto. Kavira na Fai balikuwa pale na wazazi ba Fai, batu badogo kwa kimo, bamevaa kama banaenda misa. Baba ya Fai akasimama kumimina chai ya Papa. Chai ikamwangika ku kitambaa, akaipanguza haraka na mukono wa koti yake. Pale njo nilifahamu: hata beo balikuwa banaogopa sisi.

Papa akaomba, ile sala yake ndefu. Beo bote bakainamisha vichwa mpaka amina. Supu ikakuya, Papa akamaliza bakuli. Majani yenye kupikwa na vitunguu saumu, Mama akaongeza mara mbili. Nikaanza kupumua.

Kisha kuku ikakuya. Muzima, amekatwa na kupangwa tena vizuri, na kichwa chake.

Papa akaweka uma chini.

Akaangalia ile sahani upande huu, akaangalia upande ule.

Mama akanisogelea ku sikio: "Firigisi iko wapi?"

Bakubwa, nilitoka jasho. Kwetu kuku ya kumupokea baba mukwe, bila firigisi, ni kumuambia wewe hapana mutu. Nilichunguza pilipili, muziki, mwenye kukaa wapi. Hiyo nilisahau kabisa kuisema.

Nikamuambia Kavira, Kavira akamuambia Fai, Fai akamuambia mama yake. Ule mama akasimama. Akaingia jikoni.

"Amekasirika?" Papa akaniuliza.

"Sijue, Papa."

Tukasikia sauti ya mama ya Fai na ya mama mupishi jikoni, kali, kisha sufuria. Baba ya Fai akasema maneno fulani, hakuna mwenye alitafsiri. Nikamuuliza Kavira anasema nini.

"Anauliza tumekosa wapi," akajibu, na machozi tayari yanashuka.

Nikasema bon, imeisha. Kasindi yote ile, masasi yote ile, na tunaanguka hapa.

Mama ya Fai akatoka na kabakuli kadogo. Ndani firigisi, nzima, na tangawizi juu. Akazunguka meza yote, akainama, akampatia Papa na mikono mbili. Kavira akatafsiri:

"Anasema kwabo pia firigisi ni chakula ya kupenda. Mupishi aliificha, aliogopa bageni hapana banakulaka bitu bya ndani. Anaomba musamaha, amemugombeza."

Papa aliangalia ile bakuli. Akatwaa kisu, akaikata katikati, nusu akaiweka mu bakuli ya baba ya Fai.

"Wasingya," akamuambia ule mama. Asante, kwa Kinande chetu.

Mama ya Fai akajaribu kuirudilia. Ikatoka mubaya kabisa, kama mutu mwenye meno yanamuuma. Papa akacheka mpaka akatoa miwani.

Hakusema ndiyo pale. Papa hapana mutu ya kusema ndiyo ku meza. Alisema tu wakati tunatoka inje: "Baambie mbuzi za mahari banunue kwetu Kongo. Za China zitachoka njiani."

Wakati ya kurudi wazazi bangu balitangulia, mimi nilikaa tena na simu mu mukono mpaka Mama akaandika kama bamepita Beni, bako Kalunguta. Hiyo hofu haiishake, mutanielewa.

Lenye nilijifunza ni kidogo: ukitafuta pahali pa kukulisha batu, taa na menu utaangalia baadaye. Tafuta mutu mwenye anakuuliza nani anakuya. Na we mwenyewe uliza bazee bako mambo yabo yote, hata yale unafikiri kila mutu anajua.

Sasa shida mupya. Njia ikitulia, harusi itafanyikia Butembo, na mama ya Fai ameapa atapika samaki yeye mwenyewe mu kiwanja yetu. Anataka samaki ya muzima, yenye inapumua mpaka ku sufuria. Nilitaka kumuelezea habari ya samaki ya kukausha, Kavira alikataa hata kuitafsiri.

Donc kama uko Kalunguta ao Mabalako na uko na étang, bwawa ya kufugia tilapia, ao unajua mutu amesafirisha samaki ya muzima ku pikipiki mpaka Butembo bila ikufe njiani, tafazali andika hapa chini. Na benye bameisha pokea bakwe ba mbali, muniambie kitu gani ingine nimesahau. Siko nalala.