Springi za Upepo kwa Safari ya Magoma

Niliondoka Kwaluguru kwa sababu ya mgongo wa mama. Pikapu yangu ya milango minne imezoea magunia ya mahindi. Isipokuwa na mzigo hurukaruka kama mbuzi, na mama alishaapa kwamba hapandi tena. Kwao ni Magoma, mbele ya Korogwe, na huko amebakiwa na dada mmoja tu, ninayemwita Mama Mkubwa. Tangu mgongo uanze kumuuma mama walikuwa hawajaonana. Waliongea kwenye simu, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuzeeka. Nikaagiza springi za upepo kutoka Dar, zikaletwa kwa basi hadi Korogwe. Nikamwomba mama avumilie mpaka hapo tu.

Asubuhi, kuelekea Handeni mjini, niliendesha polepole kama ninayesindikiza bibi harusi. Mama alikalia mto, mkono mmoja ameshika mlango, na kila shimo alilitajia jina la Mungu. Tuliposimama Handeni kunywa chai, aliinywa akiwa wima. Tulipoingia kwenye lami akasinzia. Milima ya Usambara ilipochomoza mbele aliamka mwenyewe. "Kule," alinionyesha, kana kwamba mimi sijawahi kufika.

Korogwe tuliingia mchana, moja kwa moja hadi gereji ya Fundi Rajabu, aliyekwisha kuzipokea springi.

"Shikamoo mama," alisema, akamletea kiti kivulini.

"Marahaba baba. Nitengenezee hili punda la mwanangu."

Fundi alichungulia chini ya gari, akacheka. "Dada, springi hizi za mahindi. Mgongo wa mama si gunia."

Aliinua gari kwa jeki, akapunguza mabamba mawili ya springi za zamani, akaweka mipira miwili minene kama vibuyu, mmoja kila upande, juu ya ekseli. Mirija ya upepo aliipitisha mbali na ekzosi isiungue. Jua likikaribia kuzama, akajaza upepo na kupaka povu la sabuni kwenye viungio. Upande wa kushoto povu likaanza kuchemka.

"Hapa panavuja," alisema. "Na muda huu wenye duka la spea wameshafunga. Kesho asubuhi napata kiungio kingine."

"Tukienda hivi hivi?"

"Mtafika. Ila mpira ukilala njiani, gari litakaa upande, na mama ataumia."

Nilimtazama mama. Dada yake alikuwa ameshapiga simu kutuambia kuku yuko jikoni. Mama alijishika kiuno, akafikiri.

"Tumengoja miaka," alisema. "Usiku mmoja una nini?" Akampigia. "Kuku mleni. Kesho mnichinjie mwingine." Nilimsikia Mama Mkubwa akicheka kwa sauti kubwa na kumwita mdogo wake mdekaji.

Kesho yake kiungio kipya kilifungwa, povu likatulia, tukashika njia ya Magoma. Barabara ilikuwa ya vumbi na mabonde, lakini gari lilipita kama linaelea. Mama aliachia mlango. Akaanza kunionyesha mashamba ya katani, na mahali ambapo yeye na dada yake walikuwa wakikimbizana wakitoka kuchota maji. "Hii ndiyo barabara yenyewe kweli?" aliuliza, akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka ndani ya gari hili.

Magoma tulikuta watu wamejaa uani. Shaabani, mtoto wa Mama Mkubwa, alinifikia kabla sijazima injini.

"Mama ameamka vizuri," alisema. "Akaenda kuwasha moto, akaanguka. Hasemi. Natafuta gari."

Mama alishuka bila kusaidiwa. Dada yake alikuwa kwenye mkeka, macho wazi, mdomo umepinda. Mama akapiga magoti, akamwita kwa Kishambaa, akamsemesha mambo ambayo mimi sikuyaelewa yote. Mama Mkubwa alimbana vidole. Sauti ilimtoka, neno halikutoka.

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama, tukageuza kurudi Korogwe. Kila nilipotazama kwenye kioo, kichwa kile kilikuwa kimetulia hata pale palipokuwa na mashimo makubwa. Hospitalini daktari alituambia ni kiharusi, ila ataishi. Kuhusu kusema, hakuahidi.

Tulikaa Korogwe hadi aliporuhusiwa kurudi Magoma na Shaabani, bado hana neno. Ndipo nasi tukaanza safari ya nyumbani. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya Kwaluguru, nilimuuliza mama mgongo wake vipi.

"Hauumi," alijibu. "Bora ungeuma. Ningefika siku ile nimevunjika, tukaongea mpaka alfajiri."

Daktari alisema ugonjwa ungekuja hata tungewahi, nami namwamini. Lakini usiku ule tuliolala Korogwe, Mama Mkubwa alikuwa bado ana sauti, nasi tulikuwa tunangoja kiungio cha mrija. Siku hizi mtu akiniomba nimpeleke kwa nduguye, siangalii tena gari linaruka au limetulia. Naangalia kama lina mafuta, tunaondoka.