Bamba Lililokwaruzwa

Lorna Tveit alikuwa mbishi, na ubishi huo ndio uliomponza. Miaka yote aliyofundisha uchapaji wa picha pale chuoni Duluth, mwanafunzi akimuuliza picha fulani ni ya nini, alijibiwa, "Macho unayo, unaniuliza mimi?" Picha zake hazikuwa na mtu wala nyumba, weusi tu, mistari, na mahali palipoachwa peupe. Wanafunzi walimpenda, lakini jioni kila mtu alikwenda kwao, naye akala supu yake peke yake.

Binti yake, Signe, alikulia chini ya meza za karakana ya uchapaji. "Mama, hii nayo ni nini? Lami imemwagika?" Lorna alicheka, hakueleza. Signe akakua, akahamia Winnipeg bila hata kuaga vizuri. Majira yote ya baridi ya mwaka ule mama mtu alichora kwa sindano juu ya bamba moja la shaba. Alichapa nakala chache, akawagawia zote wanafunzi waliohitimu. Kisha akafanya kama wafanyavyo wachapaji waaminifu: akalikwaruza bamba kwa msumari, pembe hadi pembe, isije ikatoka nakala nyingine. Desturi ni desturi, lakini nyingine, jamani, zina ukatili wake.

Mwaka aliostaafu Lorna, Signe alipiga simu.

"Mama, nimeiona picha yako kwa mtu huku. Nyeusi, ina mstari mweupe. Nimeiangalia mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Nitumie na mimi."

Maisha mazima Lorna alilingoja neno hilo, na nakala hakuwa nayo hata moja! Aliona haya kusema. Akalitoa bamba kabatini, akalipaka wino, akazungusha gurudumu la mashine huku bega likimuuma. Mikwaruzo ilitoka myeusi kuliko vyote. Akaituma hivyo hivyo.

Signe akapiga tena. "Mama, nani kaiharibu?"

"Mimi. Ndiyo desturi yetu, mwanangu."

"Haya, ni nini basi? Na usiniambie nina macho."

"Ni mlango wa chumba chako. Niliuacha wazi kidogo, taa inawaka ndani. Nilidhani utarudi."



"Mimi nilidhani umefurahi nilivyoondoka," akasema Signe. "Si ungesema, mama? Si ungesema tu?"