Chuo Kilichotazamana na Mlango Wetu

Harufu ya saruji mbichi hunitia hasira. Wengine huipenda, huwaambia kwamba mtu anajenga, mambo yake yanakwenda. Mimi juzi nilipita uchochoro wetu wa zamani, Mji Mkongwe, nikaikuta imetanda kuanzia kwa muuza kahawa hadi penye mlango wetu, na uso ukanikunjika kama wa mtu aliyelamba ndimu. Wanajenga hoteli pale palipokuwa na jengo la chuo kikuu. Wametundika na kibao cha historia: ilikuwa nyumba ya tajiri wa karafuu, ikawa skuli, ikawa chuo, ikabomolewa. Basi, yamekwisha. Kwangu mimi hayajakwisha, na kwa kuwa wenye kibao hawakuniuliza, nitakusimulieni nyinyi.

Lilikuwa jengo refu la mawe na chokaa, limetazamana na nyumba yetu kwa karibu mno, hata wanafunzi wakicheka darasani nasi tulicheka jikoni bila kujua kisa. Jioni walisoma watu wazima, wengi wao walimu wa skuli waliotafuta shahada. Mmoja alikuwa mama yangu, Bi Mwanaidi.

Baba yangu, Mzee Haji, alishona kanzu, na cherahani yake ilikaa mlangoni. Hakuwa mkali, ila alikuwa na mipaka yake, na mke kutoka jioni peke yake haikuwa ndani ya mipaka hiyo. Wenzake wa barazani walimtania, "Haji, mkeo keshakuwa mwanachuo sasa." Naye alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Mwanachuo wapi? Anavuka njia tu." Ruhusa yote ya mama ilikaa katika maneno hayo. Alivaa buibui lake, akazunguka kwa ua wa jirani asije akakatiza mbele ya wanaume, akaingia chuoni kwa mlango wa nyuma, nami, Saada wake, nyuma yake. Nilikaa sakafuni karibu na dawati lake nikitafuna visheti, shavu nimeliegemeza ukutani, maana ukuta ule ulikuwa wa baridi hata wakati wa joto la kaskazi. Mama alipojibu swali sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Nyumbani hakuwahi kuzungumza hivyo.

Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, kuta zilipakwa chokaa. Ikibanduka, hupakwa tena. Nyumba zetu za mawe zimetunzwa hivyo tangu na tangu, na wenye haraka kazi hiyo huwachosha. Akaja mkuu mpya wa jengo, mtu msafi mwenye viatu vya kung'aa, akaona haya wageni wake wazikute kuta zenye mabaka. Akaamuru zipigwe lipu ya saruji, nje na ndani. Hakuna aliyepinga. Baba alisifu. Mama naye alisema, "Sasa ndo pamekuwa chuo."

Lakini ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua kisha huyatoa wenyewe. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki humo humo. Masika yakaja, yakaja mengine, kuta zikavimba na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaoza bila mtu kuviona. Asubuhi moja pembe ya dari ikaporomokea darasa la mama. Alhamdulillahi, palikuwa patupu. Jengo likafungwa, kisha likavunjwa, na wakubwa wakasema ni uzee. Nyumba yetu ni ya umri ule ule, na hadi leo imesimama na mabaka yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, husema wazee, lakini kwenye kuharibu mmoja anatosha, ilimradi waliobaki wapige makofi.

Masomo yalihamishiwa nje ya mji, mwendo wa gari. Mama alikuwa amebakisha mwaka wa mwisho. Mimi nilifurahi, kwa sababu jioni zake zote zikawa zangu: alinisuka, tukakaanga bajia, akanisomesha hesabu. Kila alasiri, kazi zikishatulia, alipanda juu, akafungua dirisha la mbele na kusimama kitambo, akitazama kiwanja kilichozungushiwa mabati.

"Unatazama nini, mama?"

"Napunga upepo, mwanangu."

Nilimwamini. Upepo kweli ulikuwapo, maana hapakuwa tena na jengo la kuuzuia.

Baba alipofariki, eda ikamalizika, nilimuuliza mama jambo lililokuwa limenikaa kooni miaka mingi: kwa nini hakumwomba baba ruhusa ya kwenda kumalizia huko chuo kilikohamia?

"Nlimwomba," alisema. "Akanambia, 'Subiri, Mama Saada. Wakijenga tena hapo, utamaliza.' Babako hajanikataza hata siku moja."

Alilisema kwa kumtetea, na hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Angalimkataza, mama angalinuna, angalilia, angalipeleka wazee, huenda angalishinda. Aliyekatazwa ana wa kugombana naye. Mama aliambiwa asubiri, akasubiri kwa adabu zake zote. Zile alasiri za dirishani hakuwa akipunga upepo. Alikuwa akitazama kama wameanza kujenga.