Wali wa Dunguni

Likizo za shule nilikuwa nakaa na bibi kijijini Kiongoroni, kwenye dungu lake, kibanda juu ya nguzo tulimokaa kuwinga ndege wasile mpunga, kando ya hifadhi ya mikoko. Mwaka mmoja, wawekezaji walipoanza kumiminika, ofisa wa mjini alimleta mgeni aliyetaka kufuga kambamiti. Akanyoosha mkono juu ya vichwa vyetu, akamwambia, "Hapa hapaishi mtu."

Hapaishi mtu, na sisi tumesimama mbele yake!

Kumbe maji yalikuwa yanakupwa. Boti yao ikakwama kwenye tope, njaa ikawauma. Bibi akawapakulia wali kwa samaki, wakala mpaka ukoko. Ofisa akashukuru.

"Umeshiba, mwanangu?" bibi akamuuliza. "Basi mwambie mgeni wako wali huu kaupika nani."