Wimbo wa Nne Unaanza na Ndoo

Ngoja niitoe aibu yangu mapema, msije mkaisikia kwa watu. Ile albamu niliyoiponda hapa kwenye safu yangu miaka ile, sikuwa nimeisikiliza. Nilisikia wimbo mmoja na nusu kwenye kibanda cha kinyozi pale Himo, povu limejaa masikioni, nikaenda nyumbani kuandika kwamba prodyuza mgeni kutoka Nairobi amemharibu kijana wetu. Mimi niliyeishia kidato cha pili, nikatumia hadi neno “mahadhi”. Sasa mwenye albamu amefariki. Tumemzika Jumamosi kwao Machame, kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba ya babu yake, na nisipolisema leo sitalisema tena.

Yeye hakuninunia. Wiki ile gazeti lilipotoka tulikutana mjini, akaniuliza kwa upole kama wimbo wa nne niliusikia. Nikamwambia sana tu. Akauliza unaanzaje. Nikasema na gitaa, maana nyimbo nyingi si zinaanza na gitaa? Akacheka mpaka akashika ukuta.

“Kaka, unaanza na mama anakamua ng'ombe. Siku ukiusikia, uniambie.”

Hakumtangazia mtu. Albamu haikufika mbali, akarudi kwenye kahawa na ng'ombe wake, na kila tulipokutana alinisalimia vizuri, ila mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Ijumaa ndugu zake wakanipigia: wewe si mwandishi, mama yake anaomba useme machache kuhusu muziki wa mwanawe. Hapo ndipo nilipoitafuta ile albamu, nikaisikiliza asubuhi nzima, chai ikapoa. Jamani. Yule mgeni aliondoa makelele yote ya kinanda tuliyozoea, akabakiza sauti ya kijana, gitaa moja, na vitu vya pale nyumbani: panga linakata majani, mvua kwenye bati, maziwa yanagonga ndoo. Sauti hizo nimekua nazo, kwa hiyo nilishaacha kuzisikia, kama tunavyoacha kuuona mlima mpaka mtalii asimame kuupiga picha. Alihitajika mtu wa mbali aje aulize, hii nini, mbona nzuri.

Msibani nikamwamkia mama, nikamweleza ukweli wote kabla sijapewa kipaza sauti. Nilijua atanifukuza. Akanivuta karibu.

“Mwanangu, hata hiyo ndoo usiiamini sana. Yule mgeni alinirudisha kukamua mara tano, ng'ombe akaishiwa maziwa. Ya tano nilikuwa nakamua kitambaa kilicholowa maji.” Akacheka huku machozi yanamtoka. “Nenda ukawaambie watu wamsikilize mwanangu.”

Nikawaambia, na habari ya povu sikuificha. Wimbo wa nne ukapigwa, na watu waliokuja wakiwa na haraka ya kurudi mjini wakakaa mpaka albamu ikaisha. Mama alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kila wimbo anaujua. Nikaona kwamba mtu wa kwetu ndiye tunayemhukumu haraka zaidi, tukidhani tunamjua tayari. Mtu akikuletea kazi ya miaka yake, mpe basi hiyo saa moja yako kabla hujafungua mdomo.

Tulipokuwa tunashuka kurudi mjini, rafiki yangu mmoja fundi viatu, ambaye kila wiki huisifia safu hii kwa wateja wake, alinigeukia tulipokaribia barabara kuu. Kisha akasema, “Bwana, na mimi ya wiki hii nitaisoma mpaka mwisho.”