Dakika Tatu za Mzee Koech

Mimi huuza viazi hapa Bondeni na shule niliacha mapema, kwa hivyo sijui nani alinituma niwe mwenyekiti wa mjadala wa moja kwa moja kwenye simu. Nilitaka wakulima wa Keringet watuambie sisi wanunuzi vile tunawaumiza na gunia la kujazwa mpaka liote kichwa kwa bei ya gunia la kawaida. Wao walimtuma Mzee Koech awasemee, naye akapanda mlima kutafuta network.

Kila msemaji nilimpa dakika tatu, nisipendelee mtu. Na kwa sababu mzee ndiye mkubwa wetu, nilimwomba atufungulie kwa maombi. Akaombea mvua, akaombea barabara, akaombea wagonjwa. Dakika tatu zikaisha. Nikamzimia maiki, nikasema, "Asante mzee, tumekusikia," nikaita mwingine.

Wanunuzi wakaongea vizuri, na siwalaumu, mwenye kushika saa nilikuwa mimi. Tukakubaliana gunia libaki vile lilivyo, kwa kuwa hakuna mkulima aliyelalamika.

Mwishowe nikamfungulia mzee maiki ili atufungie kwa sala.

"Kijana wangu," akasema polepole, "na zamu yangu ya kuongea mambo ya gunia inafika saa ngapi? Simu iko karibu kuzima."

Hapo hapo simu yake ikazima.

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Mama Achieng, mnunuzi mwenzangu, akauliza, "Kwani boss, ulimhesabia hata maombi?"